Kukodi au Kubeba: Vifaa vya Kuteleza Baharini kwa Tiara katika Likizo ya Familia

Mtu anayecheza mchezo wa kuteleza baharini kwa tiara, ambayo wachezaji wengi huiita kaiti, akipanga likizo ya kwenda pwani ya joto pamoja na mwenzi wake na watoto, kwa kawaida huanza kwa kulinganisha bei mbili: ada ambayo shirika la ndege litamtoza kwa begi refu, na malipo ya siku ambayo kituo cha ufukweni kitamtoza kwa kumkodisha seti nzima. Hesabu hiyo haina kosa, ila huacha nje jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko bei zote mbili, nalo ni idadi ya saa ambazo mtu huyo atakuwa majini kweli. Upepo huanza kuwa mzuri saa nane mchana, wakati mtoto mdogo ndiyo kwanza amelala, yule mkubwa anadai kupelekwa kuona samaki, na mwenzako, ambaye amekaa na watoto tangu asubuhi, naye ana haki ya kunyoosha miguu. Kila ninachokieleza hapa chini kinapaswa kupimwa kwa mizani hiyo ya saa kabla ya kupimwa kwa fedha.

Tuanze na begi lenyewe. Seti ya kawaida ina tiara mbili za ukubwa tofauti, ubao, mpini wa kuongozea pamoja na kamba zake, hanesi ya kufunga kiunoni, pampu na, kwa mwenye busara, helmeti na fulana ya kukinga mbavu. Tiara moja ikiwa ndani ya mfuko wake ina uzito wa kilo 3 hadi 4, ubao wenye mikanda ya miguu nao ni karibu hivyo hivyo, na vilivyobaki kwa pamoja hufika kilo 5 au 6, hivyo seti nzima na begi lake hukaa kati ya kilo 16 na 20. Mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha kilo 23 kwa begi moja la kupakiwa, kwa hiyo uzito si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni urefu. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba urefu, upana na kina cha begi vikijumlishwa visizidi sentimita 158, ilhali begi la kubebea ubao wa sentimita 138 huwa na urefu wa 140, upana wa 45 na kina cha 30, yaani jumla ya 215. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioiwekea hataza tiara ya mirija ya kujazwa hewa mwaka 1984, walituachia chombo cha mita za mraba 12 kinachokunjwa kikaingia katika begi la mgongoni; ubao ndio uliobaki kuwa mzigo usiokunjika, na ndio unaolipiwa.

Mashirika mengine huhesabu begi la namna hii kuwa vifaa vya michezo na kulipokea badala ya begi moja la kawaida, mradi umearifu mapema, na mengine hutoza ada ya pekee kila safari, kwenda na kurudi. Jambo la kuangaliwa zaidi ni ndege ya mwisho. Mtu anaweza kuvuka bahari na begi lake bila swali, kisha akafika kwenye ndege ndogo ya kumpeleka kisiwani ambayo kikomo chake ni kilo 15 na mlango wake wa mizigo haupitishi kitu cha mita moja na nusu. Mimi niliwahi kusimama mbele ya mizani ya uwanja wa ndege ikisoma kilo 24.6, watu wamejipanga nyuma yangu, huku mke wangu akichomoa pampu na kuisokomeza katika begi la shule la binti yetu, ambaye aliibeba hadi mwisho wa safari na hajaacha kunikumbusha. Ikiwa pampu yako ni ya umeme, ieleweke pia kwamba betri ya akiba ya lithiamu hairuhusiwi katika begi la kupakiwa: huingia nayo abiria ndani ya ndege, bila kuomba ruhusa ikiwa haizidi wati-saa 100, na kwa idhini ya shirika ikiwa ni kati ya 100 na 160.

Sasa hesabu ya fedha, ambayo ni fupi. Chukua ada ya begi kwa kwenda na kurudi, ongeza gari kubwa zaidi utakalolazimika kukodi ili begi hilo liingie pamoja na viti vya watoto, kisha ugawe kwa malipo ya siku moja ya kukodi. Ikitoka 3, maana yake kubeba kunaanza kukufaa kuanzia siku ya nne ya kuingia majini. Wengi hukosea hapo kwa kuhesabu siku za likizo badala ya siku za maji. Katika likizo ya siku 10, tuseme upepo wa kutosha utapatikana siku 6, na katika hizo siku 3 ni za matembezi uliyokwisha kuwaahidi watoto. Umebaki na siku 3, na begi lako limesafiri bure. Ukikodi kwa wiki, malipo ya kila siku hupungua, lakini uulize mapema kama siku zisizo na upepo zinarudishwa, kwa sababu vituo vingine hutoza wiki nzima hata tiara isipotoka kabatini.

Upepo ndio unaotenganisha njia hizi mbili waziwazi. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, hivyo upepo ukipanda kutoka kilometa 25 hadi 35 kwa saa, mvuto kwenye tiara ile ile huwa karibu mara mbili. Mchezaji wa kilo 75 ambaye alikuwa ametulia na tiara ya mita za mraba 12 katika ule upepo wa kwanza atakuwa anahangaika, na pengine kuhatarika, katika huu wa pili, ambapo angehitaji ya mita 9. Hewa ya joto nayo ina jambo lake: kwa kasi ile ile, hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kwa takriban asilimia 7 kuliko hewa ya nyuzi 10, kwa hiyo anayetoka nchi ya baridi akija na tiara alizozoea hujikuta akikosa nguvu kidogo na kulaumu utabiri. Mwenye kubeba amefungwa na saizi mbili alizochagua akiwa nyumbani, wiki mbili kabla, kwa kukisia. Mwenye kukodi katika kituo kizuri hurudi ufukweni akabadilisha ya mita 9 kwa ya 12 ndani ya robo saa, na baadhi ya vituo huruhusu kubadilisha bila malipo ya nyongeza.

Kwa hiyo majira yana uzito katika uamuzi huu. Magharibi mwa Bahari ya Hindi, kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kusi takriban Juni hadi Septemba. Anayesafiri katikati ya majira hayo anaweza kubeba tiara zake akiwa na imani, kwani upepo unajulikana unatoka wapi na una nguvu gani. Hali ni hiyo hiyo kaskazini-mashariki mwa Brazili katika nusu ya pili ya mwaka. Lakini likizo za shule hazikupangwa na mabaharia, na familia nyingi hujikuta zikisafiri wakati wa maleleji, upepo unapogeuka leo huku kesho kule na siku nyingine kukatika kabisa. Katika majira hayo sioni sababu ya kubeba chochote kizidicho hanesi, kwa kuwa siku isiyo na upepo haimgharimu kitu anayekodi kwa siku, wakati aliyebeba amekwisha kulipa.

Yapo mambo ambayo kukodi hakuyatatui, na la kwanza ni hali ya vifaa vyenyewe. Tiara ya kukodishwa hukaa juani kila siku, na jua la tropiki hula kitambaa cha poliesta bila huruma. Kabla ya kutia sahihi fomu yoyote, kikunje kitambaa kati ya vidole na ukisugue karibu na sikio: kipya hulia kama karatasi ngumu, kilichochoka huwa laini na kimya kama shuka lililofuliwa mara nyingi. Jaza hewa mirija, uigonge kwa kiganja usikie mlio wake, kisha uiache kivulini kwa dakika 15 na kuigonga tena. Mlio ukiwa mzito kuliko wa kwanza, vali au tyubu ya ndani inavuja, na tiara iliyopoteza hewa ikiwa mita 300 kutoka ufukweni haiwezi kurushwa tena kutoka majini. Kamba nazo zinahitaji uangalifu wake. Zichomeke ncha zote nne kwenye msumari mmoja au mti, urudi nyuma hadi mwisho wa urefu wake, ambao kwa kawaida ni mita 20 hadi 24, uvute mpini hadi kwako na kutazama kama unakaa sawa. Kamba za katikati hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwa hiyo ndizo zinazorefuka kwanza, na zikizidi zile za pembeni hata kwa sentimita chache, tiara hurudi nyuma angani na kuanguka bila wewe kuelewa kosa lako ni lipi. Mwisho, fyatua kifyatuo cha dharura, kile cha kuikata nguvu ya tiara mara moja, kwa mkono wako mwenyewe ukiwa bado mchangani, mara mbili. Kikikataa kwa sababu ya mchanga na chumvi, omba kingine, na anayekukodisha akikasirika kwa kuombwa hivyo, umepata jibu la kama ukodi kwake.

Vifaa vyako mwenyewe unavijua. Unajua kiraka kilipo, unajua tiara yako hugeuka taratibu au kwa haraka, na mkono wako hukiendea kifyatuo hata gizani. Sitaki kulipuuza hilo, kwa sababu nusu ya siku ya kwanza kwa vifaa vigeni huishia katika kujifunza tabia zake, na katika likizo yenye siku tatu za maji, nusu siku ni sehemu kubwa.

La pili ni maji kujaa na kupwa, na hapa ndipo mizani ya saa inapoelemea upande wa kubeba. Sehemu nyingi za tropiki zinazopendwa kwa mchezo huu zina maji tulivu yaliyozuiwa na miamba ya matumbawe, na maji hayo hubadilika sana: yakipwa unateleza juu ya miamba na wanyama wenye miiba, yakijaa kabisa hakuna mchanga wa kutandazia tiara. Kati ya hali hizo mbili kuna muda wa saa chache tu unaofaa, na muda huo husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Ikiwa Jumatatu maji yanafaa kuanzia saa sita mchana, Ijumaa yatafaa kuanzia karibu saa tisa na dakika 20. Kituo kinachotaka vifaa virudishwe saa kumi na moja jioni kitakuwa kimekuachia muda mfupi Ijumaa hiyo, na karibu na ikweta jua halikusubiri, kwani huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huwa kubwa zaidi na muda huo hubana. Wakati wa maji mafu huwa na nafasi. Aliye na tiara yake barazani hana ratiba ya duka. Watoto wakilala mapema kuliko ilivyotarajiwa, anatoka, anacheza dakika 50 na kurudi. Dakika hizo 50 hazikodiwi kirahisi, isipokuwa kituo kinakodisha kwa saa na kiko hatua chache kutoka mahali unapolala, jambo la kuulizwa kabla ya kuweka nafasi ya malazi.

Kwa watoto na kwa mwenzi anayetaka kujifunza, suala ni jepesi zaidi: usibebe chochote cha tiara. Ada ya mafunzo katika shule yoyote ya kueleweka hujumuisha vifaa, mwalimu huchagua saizi kulingana na uzito wa mwanafunzi na upepo wa siku hiyo, na mwanafunzi huangusha tiara mara nyingi kuliko unavyopenda ya kwako iangushwe. Ila helmeti na fulana ya mtoto zibebe, kwa kuwa vituo vingi vina akiba ndogo ya saizi za watoto, na helmeti inayozunguka kichwani haikingi kitu. Kuhusu wanandoa wanaopanga kubeba seti moja na kupokezana, wapime kwanza uzito wao. Mwenye kilo 60 na mwenye kilo 85 hawatumii tiara ya saizi moja katika upepo mmoja, na ile ahadi ya kugawana begi huishia kwa mmoja kucheza kila siku na mwingine kungoja upepo wa kumfaa. Wakikaribiana uzito, basi kubeba kunakuwa na faida maradufu, kwani ada moja ya begi inahudumia watu wawili ambao, kwa ajili ya watoto, wasingeingia majini kwa pamoja hata hivyo.

Kuhusu uharibifu nitasema machache. Anayekodi huacha amana na kutia sahihi kwamba atalipia atakachoharibu; asome kama anatozwa gharama ya matengenezo au bei ya kifaa kipya, kwa kuwa tiara ya miaka miwili iliyopasuka kwenye mwamba haifai kulipiwa kama mpya. Vituo vingine huuza kinga ya uharibifu kwa malipo madogo ya kila siku, na mahali penye matumbawe ningeinunua. Apige picha kila kiraka kabla ya kuondoka nayo. Aliyebeba vyake halipi amana, lakini tiara ikichanika siku ya pili na hakuna fundi karibu, likizo yake ya maji imekwisha, na atakodi hata hivyo. Bima ya safari haimwokoi kila mara yeyote kati yao, kwani sera nyingi huweka michezo ya aina hii kando mpaka iongezwe kwa jina.

Kwa familia nyingi, ninachopendekeza ni kubeba vinavyogusa mwili na kukodi vinavyoruka na visivyokunjika. Hanesi yako, helmeti, fulana, viatu vya kuzuia miamba na kisu cha kukatia kamba huingia katika begi la kawaida bila kulipiwa, vina uzito usiozidi kilo 5, na ndivyo ambavyo kukodi kwake huudhi zaidi, kwa maana hanesi iliyolegea hupanda hadi makwapani na kuharibu mchezo kuliko tiara kuukuu. Anayejali sana anaweza kuongeza tiara moja ya saizi ya katikati pamoja na mpini wake, akauacha ubao nyumbani. Ubao wa kukodi ni kitu kigumu kisichoficha kasoro. Tazama kama mapezi yamekaza na mikanda ya miguu haijachanika, basi. Upo pia ubao unaogawanyika katikati na kuunganishwa kwa skrubu, ambao vipande vyake huingia katika sanduku la kawaida. Ni mzito kidogo kuliko ubao mzima, lakini kwa anayesafiri kila mwaka hujilipa wenyewe.

Seti nzima ningeibeba katika hali tatu: likizo ikizidi wiki mbili katikati ya majira ya upepo, mahali pakiwa hapana kituo cha kuaminika, au mchezaji akiwa na uzito wa pembeni, mathalani chini ya kilo 50 au juu ya 95, ambao vituo hukosa saizi zake. Na anayechagua kukodi achukue kadi ya kiwango chake au barua ya shule aliyosomea. Vituo vingi havimpi tiara mtu asiyeweza kuonyesha kwamba anamudu kupiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo, na kurudi alikoanzia peke yake, na asiye na ushahidi hulazimika kulipia somo la kumpima, tena katika siku yenye upepo.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wenye kubeba hawalihesabu. Tiara iliyokunjwa na unyevu huongeza uzito, hushika ukungu ndani ya begi, na chumvi hubaki ikila vali na mishono kwa muda wote wa safari. Inahitaji kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kutandazwa kivulini na kugeuzwa, na katika hewa nzito ya pwani kukauka kwake huchukua nusu siku au zaidi. Kwa hiyo ndege ikiondoka asubuhi, siku ya mwisho ya maji kwa aliyebeba ni juzi yake, na alasiri ya mwisho ataimaliza akilinda kitambaa cha mita 12 kisikanyagwe na watoto.